Kabla hujashika polishi: maswali yenu kuhusu mikanda ya alumini

Kila nikifungua ujumbe wenu, nakuta picha ya mkanda wa ubavuni mwa gari (ule utepe wa pambo unaong'aa), grili au fremu ya kioo iliyofifia. Leo nimeyaweka pamoja maswali ya alumini, maana makosa yanayoiua ni yaleyale, na mkanda wa gari la miaka ya 60 ukishaharibika kupata mwingine ni kazi.

Shikamoo fundi. Nimeachiwa Beetle na babu. Mikanda ya milango na boneti ina kama ukungu. Nimesugua kwa polishi ya metali siku mbili, haing'ari hata kidogo. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Kiangalie kitambaa ulichosugulia. Alumini tupu ikiguswa na polishi, kitambaa hugeuka cheusi tii kwa dakika moja tu. Chako nadhani kimebaki na rangi ya polishi yenyewe, na jibu lako limo humo: hujaigusa alumini bado. Unasugua ngozi iliyo juu yake.

Ngozi hiyo iliwekwa kiwandani. Mkanda ulizamishwa kwenye tindikali ya salfa, ukapitishiwa umeme, na uso wa alumini ukageuka kuwa oksaidi. Mafundi huita kazi hiyo anodaizi. Ni utando mwembamba sana, mikroni chache tu, lakini oksaidi ya alumini ndiyo maada ileile ya yakuti, kwa hiyo polishi ya kopo haiuwezi. Ukungu unaouona ni utando wenyewe uliochakaa kwa jua na mvua. Kuna njia moja: uvue, kisha ung'arishe alumini iliyo chini.

Mimi huuvua kwa kostiki soda. Chukua bomba la plastiki la maji machafu, lipasue kwa urefu, ziba ncha zote mbili, upate hori ya kulaza mkanda mzima. Usitumie sufuria, kwani sufuria nyingi za nyumbani ni alumini na soda itazila. Mimina maji kwanza, halafu soda, gramu 50 hivi kwa lita 1. Kamwe usimwagie maji juu ya soda, itachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu za mpira na miwani. Fanyia nje mahali penye hewa, asiwepo mwenye sigara karibu, maana mapovu yatakayotoka ni haidrojeni, nayo hushika moto. Soda ikikugusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi papo hapo, na kwa jicho nenda hospitali.

Sasa simama hapohapo uangalie. Mwanzoni mkanda hulala kimya, utando unayeyuka bila kelele. Baadaye vipovu vidogo huanza kwenye kingo, kisha hutapakaa uso mzima kama soda ya chupa iliyofunguliwa. Vikishaenea sawasawa, toa mara moja, suuza kwa maji mengi, pitisha siki, suuza tena. Utaona weusi kama masizi. Usishtuke, utatoka kwa msasa.

Nasisitiza kuangalia kwa sababu nilipokuwa kijana niliacha mikanda miwili ndani ya soda nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa na vijishimo mwili mzima kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ilikuwa ya mteja, na hakukuwa na mingine. Tangu siku hiyo siondoki.

Baada ya kuvua utando nianze na msasa namba ngapi? Jirani ana grinda, anasema dakika tano tu. (Msomaji, Dodoma)

Jirani yako mshukuru, grinda airudishe ndani. Mkanda ni mwembamba, na alumini uliyoikwangua hairudi.

Tumia msasa wa maji pamoja na maji ya sabuni. Kama mikwaruzo ni ya kina, anza na 400, halafu 600, 800, 1000, 1500, umalizie 2000. Kama uso ni mzuri, anza moja kwa moja na 800. Kila ukibadili namba, badili na mwelekeo kidogo, ili ujue mistari ya namba iliyopita imeisha. Ile ya mwisho ipeleke kwa urefu wa mkanda. Ukiruka namba kwa haraka, mistari itajitokeza siku ya jua kali, na utarudi mwanzo.

Baada ya msasa, ukienda kung'arisha kwenye gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, ushikie mkanda sehemu ya chini ya gurudumu, na ncha iwe inatazama kule gurudumu linakoelekea. Likinasa ncha litakunyang'anya mkanda na kuukunja kama waya. Nimeona mtu akishonwa mkono kwa sababu hiyo. Na laza mkanda juu ya ubao, usiushike ukining'inia.

Mzee, Land Rover yangu ya zamani mwili wake ni alumini. Zile kingo za kijivu juu ya milango na bodi nazo nizing'arishe zifanane? (Msomaji, Arusha)

Hapana, tafadhali. Chukua sumaku uiweke juu yake, itanasa. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 kwenye maonyesho ya Amsterdam, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana mabati ya mwili yakawa ya aloi ya alumini. Lakini kingo hizo ni chuma kilichochovywa kwenye zinki. Ukizing'arisha utaondoa zinki, na mvua ya kwanza itakuletea kutu. Zioshe, basi. Ule ukijivu wa madoadoa ndio uzuri wake.

Na hili ni kwa wote: sumaku iwe mfukoni kabla ya kazi yoyote. Ikinasa, si alumini. Isiponasa, bado inaweza kuwa stenlesi, kwa hiyo dondoshea tone la maji ya kostiki soda sehemu iliyojificha. Alumini hutoa povu, hata kama itachelewa kidogo kwa ajili ya utando. Stenlesi hainyanyui hata kipovu.

Mkanda wangu umebonyea pale ulipogongwa na pikipiki. Fundi bati aligonga kutoka nyuma, ukapasuka kidogo. Nifanyeje na uliobaki? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, ndugu. Alumini iliyobonyea inakuwa ngumu palepale ilipokunjika, na kila nyundo inazidi kuifanya ngumu hadi inapasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto kwanza.

Shida yake ni kwamba alumini haikuonyi. Chuma huwa chekundu, ukajua. Hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kuwaka wekundu unaouona mchana, inaanguka tu. Wazee wa karakana walitumia sabuni ya mche. Sugua sabuni kavu juu ya bonde, kisha pitisha moto wa gesi upande wa nyuma, uutembeze, usiuache sehemu moja. Sabuni itakuwa ya njano, kisha kahawia. Ikigeuka nyeusi, ondoa moto. Acha ipoe, ndipo ugonge kwa nyundo ndogo juu ya ubao mgumu uliochongwa umbo la mkanda, kidogokidogo, ukianzia pembeni mwa bonde na kuelekea katikati. Ukihisi nyundo inaanza kuruka, imekuwa ngumu tena. Rudia sabuni.

Utando wa anodaizi uvuliwe kabla ya haya yote. Haukunjiki. Utapasuka nyufa kama za gamba la yai.

Niko Tanga. Kwenye kila skrubu ya mkanda kuna unga mweupe unaofura. (Msomaji, Tanga)

Ni chumvi ya bahari na skrubu za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huliwa ili nyingine ipone, na hapa inayoliwa ni alumini. Toa skrubu, sugua unga kwa brashi ya nailoni. Steel wool usiguse kabisa, vijichembe vyake vya chuma hubaki ndani ya alumini na kuanzisha ugonjwa uleule. Rudishia skrubu za stenlesi, lakini nazo zisiguse alumini tupu: weka washa ya nailoni na grisi kwenye tundu.

Nipake vanishi ya kung'aa ili nisisugue tena? Au nipige kromu? (Msomaji, Nakuru)

Vanishi haishiki vizuri kwenye uso uliong'arishwa. Ikipata mkwaruzo mmoja, maji huingia chini na kutambaa, na utalazimika kuivua yote. Kromu ina ubluu wa baridi, alumini ina weupe mtulivu, na ukiviweka kwenye gari moja jicho linakataa. Ukipata karakana ya kurudishia anodaizi, hiyo ndiyo njia bora. Usipopata, paka nta ya gari, kila mwezi kama uko pwani, na kwa Nakuru kila miezi mitatu inatosha.