Njaa ya usiku inaanza kupikwa asubuhi

Dada, umeuliza kwa nini dayati unaishika vizuri mchana kutwa, halafu ikifika saa tatu usiku unajikuta umesimama mbele ya friji, na kufika wiki ya pili umeshaiacha. Wengi waliokujibu wamekwambia ujenge nidhamu. Mimi nimepungua na uzito haujarudi, lakini nidhamu yangu ni ya kawaida kabisa. Biskuti zikiwa mezani nazila. Nilichobadilisha ni mpangilio.

Tazama siku yako ulivyoieleza: asubuhi chai tupu, mchana tunda na saladi, jioni ndiyo unataka ule kidogo ulale. Kwa mtindo huo lazima friji likushinde. Mwili ulionyimwa tangu asubuhi utadai haki yake, tena hautadai tango, utadai mkate na siagi. Mimi nilihamishia chakula mchana. Asubuhi lazima kuwe na protini, iwe mayai, maharage au mtindi usio na sukari, na mchana nakula mlo kamili wa kushiba. Protini inashibisha kuliko wanga au mafuta kwa kalori zilezile, na inasaidia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta unapopungua. Usiku ulitulia wenyewe. Mchana wangu sasa ni nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga, na sijali sana kama robo imezidi kidogo.

Ndiyo, wanga nimeubakisha. Wanaoufuta hufurahia wiki ya kwanza kuona mizani inashuka kwa kasi, ila sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na maji kama gramu 3. Siku mtu akirudia mkate maji yanarudi, naye anadhani amenenepa upya, anakata tamaa. Kwa kitu ambacho huwezi kukiacha maisha yako yote, kwa nini ujitese nacho wiki mbili?

Sasa mafuta ya kupikia, maana nimesoma majibu yote na hakuna aliyeyagusa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kilokalori 120. Halafu angalia tunavyopika: unainamisha chupa juu ya sufuria, unazungusha mkono, basi. Jaribu hivi: mimina kiasi chako cha kila siku kwenye kikombe, kisha ukipime kwa kijiko. Changu kilikuwa vijiko vinne na ushee, yaani karibu kilokalori 500 kabla hata kitunguu hakijaingia, na mafuta hayo hayashibishi mtu. Siku hizi natia kijiko kimoja na nusu. Kitunguu nakikaanga kwa moto mdogo, nafunika, kikianza kushika chini natia maji kidogo, nakoroga, nafunika tena, mpaka kilainike na kupata rangi. Nyanya zinafuata, nazo zina maji yake. Nyumbani hakuna aliyelalamika. Na mafuta ya zeituni yasikudanganye: ni mazuri kwa moyo, ila kalori zake ni zilezile.

Vinywaji sitavisema sana. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Juisi ya matunda nayo inahesabiwa humo, hata uliyokamua mwenyewe. Chungwa litafune kwa meno. Sukari ya kwenye chai niliipunguza nusu kijiko nusu kijiko, ulimi ukazoea.

Vitafunwa vya pakiti usiviweke ndani. Ukitamani kimoja, toka ukanunue kimoja, ule, urudi. Na usijilaumu kwamba wewe ni mlafi. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu 20 waliokaa nao kituoni: wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Milo ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Kwenye vile vya kusindikwa walikula karibu kilokalori 500 zaidi kwa siku, tena kwa haraka zaidi. Hao hawakuwa na tatizo la nidhamu, ni chakula chenyewe kinachopita upesi kooni.

Mizani panda ukipenda, lakini linganisha wiki na wiki. Chumvi ya jana, hedhi, hata choo ambacho hakijatoka vinaweza kukuongezea kilo nzima kwa usiku mmoja. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukila kupita kiasi kwenye sherehe, mlo unaofuata ule kama kawaida. Ukijifungisha kesho yake kujiadhibu, kesho usiku utarudi palepale kwenye friji.

Wiki hii badilisha kifungua kinywa tu, mengine yasubiri.

Kuhusu mama yako anayetaka mwanze pamoja: umesema anatumia dawa za kisukari. Yeye asipunguze chochote kabla ya kumwona daktari wake. Insulini na baadhi ya vidonge vinaendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala, kwa hiyo chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kushuka mno. Ukimwona anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, anaongea asichokielewa, na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida hapohapo. Akishindwa kumeza au akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.