Bei Ikishuka, Kinachokatwa ni Muda: Kwa Walimu Wapya wa Uzamiaji

Wadogo zangu, nimewaona tena. Wanafunzi wanane wamepiga magoti mchangani chini ya maji, wamejipanga mstari. Mwalimu kijana anapita mbele yao akitoa ishara, kila mmoja anatoa maji kwenye miwani mara moja, anaonyesha "sawa" kwa vidole, mwalimu anahamia kwa anayefuata. Kozi inaisha, wote wanapata kadi ya cheti. Kwenye mzamo wao wa kwanza baada ya hapo, nusu yao wanapaa juu bila kutaka na nusu wanaburuta matumbo juu ya matumbawe, maana hakuna aliyewafundisha kuelea katikati ya maji. Mwalimu yule si mvivu wala si mjinga. Ameajiriwa na shule iliyoshusha bei ili imshinde jirani, na bado hajatambua kwamba punguzo lile linakatwa kwenye saa zake za kufundisha. Kanuni mnazijua, mmezifanyia mtihani, kwa hiyo sitawarudishia darasani. Nataka tuzungumze mnavyobanwa.

1. Ulizeni bei imeshukia wapi

Shule ikipunguza bei ya kozi, mafuta ya boti hayapungui. Kompresa, mashine ya kujaza hewa mitungini, inahitaji filta zile zile. Ada ya vifaa vya kusomea na kadi inakwenda kwa shirika la vyeti kwa kila mwanafunzi, awe amelipa nyingi au kidogo. Vinavyobaki vya kubanwa ni malipo ya mwalimu, matengenezo ya vifaa, na muda. Ukilipwa kwa kichwa utaanza kutamani vichwa vingi, na hapo ndipo uwiano wa wanafunzi wanane kwa mwalimu mmoja, ambao PADI, shirika la kutoa vyeti vya uzamiaji, wameuweka kuwa kikomo kwenye maji ya wazi, unapogeuzwa kuwa lengo la kila siku. Kikomo hicho ni cha siku ambayo bahari imetulia na unaona mbali. Kukiwa na mkondo au maji yamechafuka, wapunguze.

Mteja hawezi kuwatetea hapa. Hajawahi kuzamia, atalinganishaje mwalimu na mwalimu? Kadi anayoahidiwa ni ile ile, kina ni mita 18 zile zile, kwa hiyo anachagua kwa tofauti pekee anayoiweza kuisoma, yaani bei. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 akitumia soko la magari yaliyotumika: muuzaji anaujua ubovu, mnunuzi haujui, na mwenye gari zuri anajitoa sokoni kwa sababu halipewi thamani yake. Nimeona walimu wazuri wakiacha kazi hii kwa sababu hiyo hiyo. Lakini msije mkadhani kila shule ya bei nafuu ni mbovu. Koh Tao nchini Thailand na Utila nchini Honduras zinajulikana kwa shule nyingi zinazogombania wateja kwa bei, na zimetoa pia walimu hodari sana. Shule yenye boti yake na wageni wengi inaweza kutoza kidogo bila kumnyima mwanafunzi chochote. Siku ya usaili uliza swali moja tu: mwanafunzi asipoweza siku ya mwisho, siku ya ziada inalipwa na nani? Wakianza kutazamana, umeshajibiwa.

2. Kima cha chini si ratiba

Kwa PADI, mzamo wa mafunzo unahesabika ukifika dakika 20 au ukitumia hewa lita 1,400, na mizamo ya mafunzo haizidi mitatu kwa siku. Zile namba ni sakafu, ziliwekwa ili mtu asishuke chini yake. Shule yenye haraka inazipangia ratiba nzima: mizamo minne, siku mbili, dakika 20 kila mmoja, kwaheri. Kozi zetu hupimwa kwa uwezo wa mwanafunzi, hazipimwi kwa saa, na huo ni mpango mzuri kwa mwalimu aliyeachiwa nafasi ya kusema "bado".

3. Miwani

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo ninapoumia nikiwatazama.

Mwanafunzi anayesumbuliwa na miwani anaonekana mapema. Mkono unamwenda usoni kila baada ya pumzi chache. Ukimwambia ajaze maji nusu, anaingiza ya kulowesha pua tu. Akipuliza, mapovu yanatokea kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia, badala ya puani, maji hayashuki, anafumba macho, anakohoa mdomo ukiwa umeng'ata regulata kwa nguvu. Kisha maji yanapungua kwa bahati, na anakuonyesha "sawa" kwa vidole vinavyotetemeka. Mwalimu mwenye wengine saba wanaosubiri na boti ya saa tano anaitikia kwa kichwa na kupita. Kwenye fomu ile alama ya tiki inafanana kabisa na tiki ya mtu aliyeweza.

Nimeshuhudia mwisho wa tiki kama hiyo. Mwanafunzi mmoja na kundi lake walikuwa karibu mita tisa chini, pezi la mwenzake likampiga usoni, miwani ikasogea, maji yakaingia puani. Kitu cha kufanya hakikumjia, kwa sababu hakuwahi kukifanya akiwa ametulia. Alishika pumzi, akatazama juu, akaanza kupiga mapezi kwa nguvu zake zote. Mwalimu wake alikuwa mbele akihesabu vichwa. Kwenye mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo pafu lililojaa kule chini na kufungwa linadai nafasi karibu mara mbili likifika hewani. Halina nafasi hiyo. Linaweza kupasuka, hewa ikaingia kwenye damu, na hewa hiyo inaweza kufika kwenye ubongo. Divemasta, msaidizi wa mwalimu, aliyekuwa nyuma alimdaka mguu, akamshika kwenye jaketi la kuelea linalojazwa hewa, akamkazia macho hadi mapovu yakaanza kutoka. Alifika juu salama, akilia. Vifaa alivirudisha siku ile ile na hakutaka tena kusikia habari za kuzamia.

Alichohitaji mtu yule kilikuwa kidogo: kusimama kwenye maji ya kifua, bila miwani, uso ndani ya maji, akipumua kwa regulata polepole mpaka pua na koo vizoee kufanya kazi kila kimoja kivyake. Kuna wanaohitaji dakika tano, kuna wanaohitaji asubuhi nzima. Dakika hizo ndizo shule ilizouza kwa punguzo, na yeye hakujua kwamba amezikosa. PADI wenyewe wanasema ujuzi umekamilika pale mwanafunzi anapoufanya kwa utulivu, bila kukwamakwama, na akaweza kuurudia. Kuurudia, wadogo zangu! Mwombe mara ya pili bila kumtahadharisha, akiwa anaogelea. Na msiseme bwawa ni salama: pafu lililojaa na kufungwa linaweza kuumia hata kwa kupanda kina kinachozidi mita moja kidogo.

4. Magoti

Mwanafunzi aliyepiga magoti ni rahisi kumsimamia, na ili akae chini anaongezwa vyuma kwenye mkanda. Uzito ule unamlazimisha kuweka hewa nyingi kwenye jaketi, na hewa nyingi inatanuka zaidi akipanda hata mita mbili, kwa hiyo anapaa. Baadaye anauziwa kozi nyingine ya kurekebisha kuelea kwake. Mpime uzito siku ya kwanza, mfundishie ujuzi akiwa anaelea, hata kama mstari wako hautanyooka.

5. Mambo madogo

Soma geji za hewa za wanafunzi mwenyewe, usingoje waje mtungi umebaki na presha ya baa 50. Vuta pumzi kutoka kila regulata kabla haijapanda botini, ya akiba pia. Tarehe ya kupimwa mtungi imegongwa kwenye chuma chenyewe, isome. Jaketi linalovuja litenge na uliandikie karatasi, la sivyo kesho litavalishwa mtu mwingine.

6. Sahihi ni yako

Meneja anaweza kupanga bei, boti na saa ya kuondoka. Anayethibitisha kwamba mwanafunzi amefikia kiwango ni wewe, kwa jina lako na namba yako, na likitokea la kutokea fomu itakayofunguliwa ni ile uliyoitia sahihi wewe. Najua ni vigumu kukataa ukiwa mgeni kazini na kodi ya nyumba inasubiri. Kwa hiyo usiende kwa meneja na "hapana" tupu. Aliyefanya vizuri mizamo miwili ya kwanza na ujuzi unaoandamana nayo anaweza kupewa cheti cha Scuba Diver, azamie hadi mita 12 chini ya uangalizi wa mtaalamu. Anayesafiri kesho mjazie fomu ya rufaa, amalizie kwingine ndani ya miezi 12. Zungumza naye kwanza yeye mwenyewe, ukiwa umekaa, vifaa vimeshavuliwa, umweleze kilichobaki na kwa nini. Wengi hushukuru. Kisha kiandike kilichobaki kwa maneno kamili, "kutoa maji kwenye miwani akiwa anaelea," ili mwalimu atakayempokea ajue aanzie wapi.