Sentensi yenye herufi zote kwa Kiswahili

Umeuliza kama Kiswahili kina sentensi yenye herufi zote, kama ile ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa mvivu. Inawezekana, na kwetu kazi ni nyepesi kidogo: Q na X hatuna, zinabaki 24, na C haitembei bila H. Nimetunga hii sasa hivi:

"Juzi fundi cherehani wa Pangani alikosa vitambaa vyeusi."

Hesabu mwenyewe, herufi 48 tu. Iliyonisumbua ni F, lakini ukishaweka "fundi" D nayo inaingia bure. Ya Waingereza ina 35, lakini wao wana herufi 26. Inafaa kujaribia kibodi au kuona fonti mpya inavyokaa.