Baba ana uvimbe wa ini: je, umri wake ndio unaoamua?

SWALI: Assalamu alaykum Daktari. Baba yangu ana miaka 71. Mwezi uliopita, alipokwenda kuangaliwa kisukari chake, ultrasaundi ilionesha uvimbe mmoja wa sentimita 4 kwenye ini, na vipimo vya baadaye vikathibitisha kuwa ni saratani. Hana maumivu, kila alfajiri huenda msikitini kwa miguu yake, na juzi alikuwa shambani akisimamia uanikaji wa karafuu. Wajomba zangu wanasema mzee ameshakula chumvi nyingi, tusimtaabishe kwa safari za hospitali. Mtoto wa mjomba alikuwa na miaka 38, na ugonjwa huu huu ulimmaliza kwa miezi mitatu. Ikiwa kijana hakuweza, mzee ataweza?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Poleni kwa msiba wa kijana wenu. Nawaheshimu wajomba zako, lakini kwa hili sikubaliani nao, na naomba uwasomee sababu zangu.

Ni kweli kwamba, wagonjwa wote wakichanganywa pamoja, wazee huishi muda mfupi zaidi, kwa kuwa wengi wana moyo au figo zilizochoka, na pia kwa kuwa mara nyingi hawapewi tiba kamili kwa sababu tu ya umri wao. Lakini mzee ambaye ini lake bado linafanya kazi vizuri, akiondolewa uvimbe mdogo kwa upasuaji au ukaunguzwa kwa sindano ya joto, matokeo yake kuhusu saratani yenyewe hukaribiana na ya aliye mdogo kwake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 2,500 wa nchi 9 za Afrika. Misri, nusu ya wagonjwa walikuwa wamepita miaka 58, na nusu yao waliishi karibu miezi 11 au zaidi. Katika nchi nyingine 8, za kusini mwa Sahara, nusu walikuwa hawajafika miaka 46, na nusu walifariki ndani ya miezi 2 na nusu. Waliokuwa wadogo ndio waliotangulia, kwa sababu wengi wao waligunduliwa saratani ikiwa imekwisha kuenea na hawakupata tiba.

Kwetu kijana huchelewa kwa namna ambayo nimeiona mwenyewe. Nilimpokea mvuvi wa miaka thelathini na kitu ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akifunga kikoi chini ya kitovu, akidhani tumbo limejaa gesi. Nilipoweka mkono chini ya mbavu za kulia, ini lilikuwa gumu kama jiwe la pwani. Nyama ya ini yenyewe haina hisia ya maumivu, na ini la kijana lina nguvu ya kufanya kazi hata likiwa limeliwa nusu, kwa hiyo yeye huendelea kuvuta nyavu mpaka uvimbe unyooshe utando wa nje wa ini, na hapo ndipo anapolalamika.

Baba yako amegunduliwa kwa bahati njema, kabla ya dalili. Uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5 ni hatua ya mapema. Muulizeni daktari: bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) na albumini (protini inayotengenezwa na ini) zikoje, damu inaganda sawasawa, kuna maji tumboni, ini lina makovu? Hayo, pamoja na moyo, figo na sukari yake, ndiyo yanayopimwa kabla ya kuamua tiba, na ule mwendo wake wa msikitini nao una uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Ombeni rufaa kwa madaktari bingwa wa ini Dar es Salaam bila kungoja msimu wa karafuu uishe. Naye mwenyewe aulizwe anataka nini, maana mwili ni wake.

Jambo jingine. Saratani ya ini kwa mtu wa miaka 38 mara nyingi huanzia kwenye homa ya ini B iliyoingia utotoni: mtoto mchanga anayeambukizwa hubaki na virusi kwa takriban mara 9 katika 10, ilhali mtu mzima huvishinda mara nyingi. Ndugu wa marehemu, mama yake, mjane na watoto wapimwe damu. Asiye na virusi wala kinga achanjwe. Aliye navyo afuatiliwe, apewe tenofovir, dawa ya kuzuia virusi hivyo, ikiwa anaihitaji, na daktari aamue kama anahitaji ultrasaundi kila miezi 6, hata kama ana miaka ishirini na kitu na anajiona mzima.