Re: Papa anataka kuwekewa diski India: msitoe akonto kabla ya radio za kuinama

Wewe dada wa Katuba, usitume hiyo akonto, yaani malipo ya kwanza. Usipokee simu ya komisionere, huyo wakala wa kupeleka wagonjwa India, leo. Soma kwanza.

Umeandika papa ana miaka 52, shofere wa kamio njia ya Kolwezi–Kasumbalesa, shingo inamuuma, vidole vinakufa ganzi, kiuno nacho hakimwachi. Ripoti ya IRM (picha ya MRI) inataja ngazi za uti: C5-C6 na C6-C7 shingoni, na L4-L5 kiunoni. Komisionere ameshapanga: diski bandia, yaani mito ya kuwekwa kati ya mifupa ya uti, mbili za shingo, moja ya kiuno, zote safari moja, lipeni nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Nanyi mnauliza diski ya kampuni gani ni bora, mtakaa huko siku ngapi, na papa atarudi lini kwenye usukani. Mnachagua rangi ya milango na kiwanja hamjakipima.

Swali ni moja tu: uti wa mgongo wa papa unafaa kuwekewa diski? IRM peke yake haijibu. Inapigwa mtu amelala chali, hatikisiki, na diski bandia imetengenezwa ili isogee. Kinachojibu ni radio za kawaida (picha za eksirei), bei ndogo kabisa ukilinganisha na tiketi ya ndege, na zinapigwa hapa hapa Lubumbashi. Munganga aandike kwenye karatasi "radio dynamique". Papa asimame. Picha moja ya mbele, moja ya upande, kisha mbili za upande ambazo ndizo zenye kazi: ameinama hadi kidevu kikaribie kifua, na ametazama juu kadiri anavyoweza. Kiuno vilevile, mbele na nyuma. Ainame mwenyewe, mtu asimsukume.

Msiondoke kabla ya kuikagua picha ya shingo. Lazima ionyeshe mfupa wa C7 wote na mwanzo wa ule ulio chini yake. Mtu mwenye mabega mapana, mabega hufunika C6 na C7, na huko ndiko mnakodai ugonjwa uko. Picha ikiishia C5, mmelipia picha ya sehemu isiyo na shida. Irudiwe, mabega yavutwe chini, ashike uzito kila mkono. Na kola ya shingo ivuliwe! Kuna wanaopigwa radio na kola yao, halafu ripoti inasema shingo haisogei. Ingesogeaje?

Kwenye hizo picha mpasuaji anapima. Mfupa mmoja ukiteleza juu ya mwingine zaidi ya milimita 3 shingoni, uti hauna uthabiti, na diski bandia haitaushika. Ukikuta pale pagumu, mwendo haufiki hata digrii 2, basi mwili umeshapafunga wenyewe. Mtanunua kifaa cha kusogea mkakiweke pasiposogea. Nafasi ya diski ikiwa imeporomoka zaidi ya nusu, wengi wanakataa.

Halafu jambo ambalo makomisionere hawalitamki kamwe. Kila ngazi ya uti ina viungo vitatu: diski mbele, na viungo viwili vidogo nyuma. Upasuaji huu unabadilisha kile cha mbele tu. Vya nyuma vikiwa vimelika, diski mpya inaviongezea mwendo, vinasuguana zaidi, na maumivu yanabaki palepale baada ya maelfu ya dola kwenda. Mifupa hiyo inaonekana vizuri kwa skana (CT) kuliko IRM. Shofere wa miaka 52, kiuno kimetikiswa na kamio miaka yote hiyo, L4-L5 yake ikiwa na viungo safi nyuma itakuwa bahati kubwa. Ndiyo maana mtu anayewaahidi diski ya kiuno bila kuuliza habari ya viungo vya nyuma, huyo analipwa kwa kila kichwa anachopeleka. Nasema kwa hasira kwa sababu bei ya kosa hili naijua. Makomisionere wanawaambia kuunganisha mifupa, yaani kuifunga isisogee badala ya kuweka diski, ni kazi ya kizamani na diski ni teknolojia mpya. Mpya ipi? Diski bandia ya kiuno iitwayo Charité ilibuniwa Berlin na Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz, ikaanza kuwekwa watu mwaka 1984. Komisionere wenu anajua bei ya viza tu.

Kiuno kinaingiliwa kupitia tumboni, mishipa mikubwa ya damu inasogezwa pembeni. Diski ikikaa vibaya, kurudi kuitoa ni kupita kwenye kovu ambalo mishipa imegandia. Operesheni hiyo ya pili ndiyo ya hatari, na bei yake haipo kwenye bajeti yenu.

Papa amechomwa sindano ngapi za dexa kwenye farmasi za barabarani? Waambieni waganga ukweli. Dexamethasone ikitumika mara kwa mara inalainisha mifupa, na mfupa laini unameza chuma: diski inazama. Wapime uimara wa mifupa (densité osseuse). Alama ya T ya kipimo hicho ikifika -2.5 au chini yake ni osteoporozi, hapo diski hakuna. Pia kama ana homa za usiku, jasho, anakonda, uti unaweza kuwa na kifua kikuu. Hiyo inatibiwa kwa dawa za miezi mingi, na kwenye programu ya taifa dawa ni bure. Kuweka chuma pale kwenye usaha ni balaa.

Kuhusu shingo sikatai moja kwa moja. Diski za shingo kwa ngazi moja au mbili zinazofuatana, kati ya C3 na C7, zinafanya kazi vizuri kwa mtu anayefaa. Lakini mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni mara nyingi unatulia wenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Ila akianza kuangusha vitu, kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuyumba akitembea, au mkojo kumponyoka, hapo hakuna kungoja: aende hopitali siku hiyohiyo.

Wekeni hizo radio hapa, funikeni jina la papa. Na uandike ni vidole gani vinavyokufa ganzi: gumba na cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa C6, cha kati C7, cha mwisho C8. Hiki cha mwisho kikiwa ndicho, basi hata hizo ngazi mbili za komisionere si zenyewe.