Mkiniandikia Fe²⁺, toeni elektroni za nje kwanza

Wadogo zangu wa kidato cha tano, nimemaliza kusahihisha mazoezi yenu ya mpangilio wa elektroni. Makosa ya waliowatangulia yamerudi yaleyale, kwa hiyo tuyamalize kabla hamjaenda maabara.

1. Potasiamu, ganda kwa ganda, ni 2:8:8:1, si 2:8:9. Ni kweli ganda la tatu linabeba hadi elektroni 18, ila ile ya 19 inapata nishati ndogo zaidi ikikaa 4s (sehemu ya s ya ganda la nne) kuliko 3d (sehemu ya d ya ganda la tatu).

2. Chuma. Hapa ndipo mnaponiumiza. Atomu yenyewe mnaiandika vizuri, [Ar] 3d⁶ 4s², yaani elektroni 18 kama za agoni, kisha 6 kwenye 3d na 2 kwenye 4s. Nikitaka Fe²⁺, yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili, daftari baada ya daftari naletewa [Ar] 3d⁴ 4s². Kijana mmoja alisimama ubaoni akaitetea: "Mwalimu, 3d imeingia mwisho, basi itoke kwanza." Nilifurahi kuona anabisha kwa hoja. Lakini, jamani, kujaza hakurudi kinyumenyume! Unapojaza unatoka elementi moja kwenda nyingine, na kila hatua kiini kinaongezewa protoni. Unapong'oa, protoni za chuma ni 26 na zinabaki 26. Zimekwisha kuzivuta elektroni za 3d karibu na kiini, na za 4s ndizo zilizo ganda la nje. Hizo ndizo zinazotoka kwanza. Kwa hiyo Fe²⁺ ni [Ar] 3d⁶. Kisha nikamkumbusha jambo alilokwisha kuliona kwa macho yake: ukitia sodiamu haidroksaidi kwenye Fe²⁺ unapata mashapo ya kijani, na ukiyaacha hewani juu yanageuka kahawia. Pale elektroni moja ya 3d imeondoka, tumefika Fe³⁺, [Ar] 3d⁵, kila obitali ya 3d (chumba kinachobeba hadi elektroni mbili) ina elektroni yake moja. Hajakosea tena, na siku hizi anawasahihisha wenzake kwa sauti kubwa kuliko yangu.

3. Msikariri valensi, isomeni kwenye nishati za ionaizesheni, yaani nishati ya kung'oa elektroni moja baada ya nyingine: magnesiamu ni 738, 1451, halafu 7733 kJ/mol, na mruko huo unakwambia elektroni za nje ni mbili.

4. Elektroni nane kwenye ganda la nje si amri. Boroni kwenye BF₃ inaishi na 6, salfa kwenye SF₆ imezungukwa na 12. Hata zenoni, ambayo ganda lake la nje limetimia, ilikubali kuungana mwaka 1962. Mwanakemia Neil Bartlett, akiwa Kanada, alikwisha kuona platinamu heksafloraidi ikiinyang'anya molekuli ya oksijeni elektroni. Akatazama nishati ya ionaizesheni ya zenoni, akakuta inakaribiana sana na ya oksijeni hiyo, karibu 1170 kJ/mol. Akaijaribu, ikaungana. Namba zilezile ambazo ninyi mnaziruka kwenye jedwali!

Jumatatu nataka Mn²⁺, Cr³⁺ na Cu²⁺. Na mkifika kwenye atomu za kromiamu na shaba mtulie: 4s ya kila moja ina elektroni moja tu.