Karatasi ni ya anayeisoma

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, baba yako naye mguu umepoa. Umeniuliza kama uache kudizaini vitabu hapo Dar es Salaam, ukachukue kazi ya kudizaini kwenye shirika la misaada kule Njiro, Arusha, kwa kuwa wanalipa vizuri na wewe umechoka kungoja hela za mchapishaji. Mimi nimezifanya zote mbili, basi nitasema. Ila mshahara siuanzii. Karatasi ni ya anayeisoma. Hilo unalijua tangu mkikunja vipeperushi vyangu na dada yako pale mezani.

Kile cha maji salama unakikumbuka? Nilikipanga kwa herufi za pointi 14, sentensi fupi, mchoro mmoja mkubwa wa sufuria. Nikapanda nacho Marangu. Bibi yako akakisoma bila miwani hadi mwisho, kisha akaanza kunihoji habari za ndoo na mfuniko. Nilishuka mlima nikiimba! Halafu ofisi ikaleta nembo za wafadhili, kila mmoja akitaka yake isizidiwe na ya mwenzake. Herufi zikashushwa hadi pointi 8, sufuria ikawa kama stempu. Nilibishana kikaoni mpaka mratibu akaniambia mteja ni mfadhili. Kikachapwa hivyo, rangi nne, karatasi ya kung'aa. Bibi yako alikishika, akakisogeza mbali na macho, akanirudishia. Mwanangu, linaniuma mpaka leo.

Kwenye vitabu hakuna aliyenibania herufi kwa ajili ya nembo. Wanabana kwa gharama. Kijitabu cha A5 chenye kurasa 16 kinatoka kwenye karatasi moja ya A2, mbele na nyuma. Hadithi ikizidi hapo kwa ukurasa mmoja tu, kijitabu cha kubanwa kwa pini kinaruka hadi kurasa 20, maana kurasa zake huongezeka nne nne, na mchapishaji anakuambia punguza. Kwa hiyo pengine ni yale yale. Hapana, si yale yale. Na mhariri nilikuwa nagombana juu ya mtoto atakayesoma. Karatasi ni ya anayeisoma, na mhariri alilijua hilo hata tulipokasirikiana.

Lakini nisikose shukrani. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye ripoti za mwaka za mashirika, na vile vijitabu vya wakunga, vya shirika pia, wauguzi walivigombania. Tatizo mradi ukiisha, na mkataba wako umeisha. Kitabu cha darasa la pili kinaweza kuchapwa tena, wadogo wakakirithi.

Kabla hujasaini, waulize ni nani anapitisha prufu ya mwisho, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, na kama msomaji anaonyeshwa kazi kabla haijaenda mtamboni. Wakisema anayepitisha ni mfadhili peke yake, basi... Neno langu ninalo, tena liko mdomoni. Baba yako kaniomba nikuache uamue, nami nimemkubalia. Niandikie walivyojibu, halafu uniulize tena.

Mama yako,
Moshi